Nani Atatutajia Siku ya Kupanda?

Rafiki yangu Kiprop,

Niwie radhi kwa kimya cha mwaka mzima na zaidi. Si kwamba sikuwa na nafasi. Mwalimu mstaafu asiye na mke nyumbani wala mwanafunzi mbele yake ana nafasi tele. Karatasi ninayo, kalamu ninayo, na macho bado yananitosha. Sikukuandikia kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe nitaieleza hapa kwa utaratibu, jinsi ulivyozoea kunisikia nikieleza mambo, huku ukikuna kidevu ukingoja nimalize.

Nianze na habari za boma lako. Wanao walikuja wiki ya tatu baada ya mazishi yako, mmoja kutoka Naivasha na mwingine kutoka Eldoret, wakakubaliana yote kabla chai haijapoa. Ng'ombe wako wameuzwa, hata yule mwekundu mwenye pembe moja. Mbuzi walipakiwa kwenye pikapu siku hiyo hiyo, na yule beberu wako mzee akalia mpaka gari lilipoingia barabara ya Molo. Siwalaumu vijana. Magoti ya mkeo Mama Jeruto ni mabovu, hawezi tena kufuata mifugo bondeni, na wao wana kazi za watu. Walimnunulia mama yao ng'ombe wawili wa gredi, weusi kwa weupe, kutoka shamba fulani huko chini kuelekea Nakuru. Ni shamba ambalo ng'ombe hulishwa wakiwa wamesimama juu ya simiti tangu wazaliwe. Maziwa wanatoa. Hilo siwezi kulikana.

Asubuhi bado natoka kusoma kile chombo changu cha kupimia mvua, kile cha serikali ambacho shule iliniachia nilipostaafu. Unajua saa zangu. Zamani nilikuwa nikisoma kipimo, nasimama kwenye ua, napaza sauti, "Milimita kumi na mbili!" Nawe unajibu kutoka zizini bila hata kuinua kichwa, "Mbuzi alishaniambia juzi!" Sasa nasoma, naandika, narudi ndani. Siku moja mwezi wa tano mvua ilinyesha usiku kucha, chombo kikajaa karibu kufurika, nikajikuta nimesimama kwenye ua nimefungua mdomo. Mama Jeruto alikuwa akimwaga maji mlangoni. Akaniangalia. Nikafunga mdomo, nikarudi zangu.

Tulibishana miaka mingi sana, Kiprop. Nakumbuka siku ya kwanza, nilipohamia hapa nikiwa mwalimu mgeni, ukaja kuangalia ninachochimbia katikati ya bustani. Nikakueleza kwamba ni chombo cha serikali, kwamba kinapima mvua kwa usahihi. Ukakizunguka mara mbili kama mtu anayenunua fahali. Ukasema, "Mwalimu, hiki kinasema mvua ya jana. Ya jana hata mimi najua, nililowa. Mbuzi wangu anasema ya kesho." Nilikasirika. Nilikwenda ndani, nikachukua daftari la kuandikia vipimo, nikapiga mstari wa pili pembeni mwa ukurasa. Katika nafasi hiyo nikaanza kuandika kila ulichodai wanyama wako wamekuambia. Nia yangu ilikuwa moja: kukuumbua.

Ndiyo, naikiri leo. Uliniona nikiandika ukadhani ninakuheshimu. Nilikuwa nikikusanya ushahidi dhidi yako.

Na ulisema mengi. Mbuzi wakijibanza chini ya upenu adhuhuri jua likiwaka, mvua itafika kabla ya jioni. Kuku wakijipaka mafuta ya mkia kwenye manyoya, kesho kutalowa. Ndama wakirukaruka jioni bila kufukuzwa, upepo unageuka. Povu la maziwa likikataa kutulia kibuyuni, anga ni zito. Na lile kubwa kuliko yote, lile la kila mwaka mwishoni mwa kiangazi: ng'ombe akikimbia mkia juu, kisha akasimama na kunusa upande wa Mau, mvua kubwa haipiti siku nne. Yote nimeyaandika, pamoja na tarehe, kwa wino wa bluu.

Ni kwa ajili ya lile kubwa watu wote wa huku juu walikuja ukutani kwako, pale zizini. Sikuwahi kukuambia jinsi nilivyokuwa nikiitazama desturi ile. Ardhi ikiwa bado kavu, mbegu zikiwa zimeandaliwa, magunia yamekaa mlangoni, hakuna aliyethubutu kufungua mtaro wa kwanza mpaka amekwenda "kuuliza ng'ombe". Wakikuyu walikuja, Wakalenjin walikuja, yule Mkisii wa karibu na josho la mzungu alikuja. Hata ule mwaka ambao majirani waliogopana, wakisalimiana kwa kupunga mkono kutoka mbali, walikuja, wakasimama kila mtu upande wake wa ua, wakakungoja. Nawe ulitoka, ukasema siku. "Jumatano." Basi. Jumatano ilipofika, mlima mzima uliinama pamoja.

Mimi nami nilipanda Jumatano. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya kuazima fahali wako wa kulimia.

Sasa niingie kwenye aibu yangu.

Mwaka jana kiangazi kilipokaribia kwisha, ulikuwa umelala kaburini miezi mitatu, na ng'ombe wako walikuwa wameshauzwa. Watu walikuja kwa Mama Jeruto kama kawaida. Akawaambia, "Mimi sijui kuuliza ng'ombe. Ilikuwa kazi yake. Lakini huyo jirani alikuwa anaandika kila kitu." Wote wakageuka kunitazama. Njoroge, huyu mwenye kinu cha kusaga unga pale njia panda, akasema, na ninaandika kama alivyosema, makosa yake yabaki kuwa yake, "Mwalimu, si una hiyo kitabu? Fungua utuambie ng'ombe inasema nini."

Kiprop, ningepaswa kusema sijui. Miaka yote niliyofundisha, mtoto aliyeandika jibu bila kuonyesha njia nilimrudisha akasimame ubaoni. Lakini nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila mtu kuniuliza jambo lolote, hata saa. Nilitazama nyuso zile ukutani, nikahisi joto kifuani. Nikasema, "Nipeni siku chache niwachunguze wanyama."

Siku ya tatu Mama Jeruto aliamua kuwatoa wale ng'ombe wa gredi nje ili asafishe banda. Nilikuwa nimesimama na daftari mkononi. Yule mkubwa alitoka, akasimama, akatazama. Kisha akainua mkia kama bendera, akakimbia! Alizunguka uwanja mara tatu, akasimama ghafla, akainua pua kuelekea Mau, akanusa kwa muda mrefu. Kila neno la ukurasa wako lilikuwa limesimama mbele yangu kwa miguu minne. Nikaandika saa. Nikaenda njia panda, nikasoma kwa sauti kutoka kwenye daftari, nikasema, "Pandeni Jumatatu."

Walipanda Jumatatu, wote. Mvua haikuja siku nne, haikuja wiki mbili, haikuja tatu. Mbegu zililala ardhini kwenye vumbi. Kindi na kwale walizifukua, zilizobaki zikaingia wadudu.

Nilipokwenda kumlalamikia Mama Jeruto kwamba ng'ombe wake amenidanganya, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu," akasema, "yule alikuwa anaona nyasi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe! Hata mimi ningeinua mkia." Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka.

Habari ilifika njia panda kabla yangu. "Mwalimu amesoma ng'ombe kama gazeti la zamani," walisema. Njoroge alinipa jina: Boss wa Mvua. Vijana wa bodaboda bado wananiita hivyo nikipita. "Boss wa Mvua, leo tubebe koti?" Nawarekebishia matamshi tu.

Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kilichofuata. Mvua ilipokuja hatimaye, hakuna aliyeuliza mtu. Kila mmoja alipanda upya kwa ujumbe wa hali ya hewa wa simu yake. Wa Njoroge ulisema hivi, wa jirani yake ulisema vile, na yule Mkisii hakusoma wowote. Mtu alipanda Jumanne, mwingine wiki iliyofuata, mwingine alingoja. Mlima ukawa na viraka kama suruali ya fundi wa lipu. Na Mama Wairimu, unamjua, mjane wa pale chini ya mkondo, yeye alipata mbegu mwisho wa wote kwa sababu mwanawe alichelewa kuzituma. Alipanda peke yake. Kindi na kwale wote wa upande huu walikuwa na shamba moja tu jipya la kwenda. Nilipita pale nikamkuta amekaa kwenye tuta anarusha mawe. Aliendelea kurusha. Hakuvuna hata debe moja.

Sasa sikiliza jambo nililoligundua, kwa kuwa ndilo linalonifanya nichukue kalamu leo.

Mwezi uliopita nilichukua daftari zote za zamani, nikazitandaza mezani. Nilitaka kujumlisha hatimaye, nijue ulikuwa sahihi mara ngapi. Niliendelea kwa siku mbili nikaacha. Sitakuambia hesabu ilikuwa ikielekea wapi. Ulikosea mara nyingi kuliko watu wanavyokumbuka, na ulipatia mara nyingi kuliko mimi nilivyotaka. Lakini niliona kitu kingine. Mwaka mmoja niliandika pembeni kwamba ng'ombe wa pembe moja alikimbia mkia juu siku ya Jumanne, nawe ulimwona, tulikuwa pamoja. Lakini siku ya kupanda uliitangaza Jumatatu ya wiki iliyofuata, na nilikuwa nimeandika kwa furaha: "Amechelewa. Wanyama walisema mapema, yeye hakusikia." Nikafungua mwaka mwingine. Kuchelewa tena. Mwingine, uliwahi siku mbili kabla ya ishara yoyote.

Nilimpelekea Mama Jeruto daftari lile. Alikuwa akichambua maharage. Nikamwonyesha ule mwaka wa Jumanne na Jumatatu. Akasema, "Ah, huo mwaka. Mama Wairimu alikuwa amefiwa, hana mbegu. Mzee alimwangalia akipita kila siku bila gunia. Siku aliyopita na gunia, akasema Jumatatu." Na ule mwaka ulipowahi? "Mkisii alikuwa anapelekwa hospitali. Mzee alitaka apande kabla hajaenda." Akaendelea na maharage yake kama mtu aliyetaja bei ya chumvi.

Nilikaa kwenye lile gogo langu nje ya zizi lako. Gogo lako lilikuwa tupu kando yangu. Ulikuwa unasema kweli kuhusu wanyama, hilo naliamini sasa. Mbuzi walikuambia mvua, nawe ulisikia vizuri kuliko chombo changu. Lakini siku ya kupanda uliiamua mwenyewe. Ulitazama ni nani hajawa tayari. Ulipokosea, tulikosea sote, tukafukuza ndege sote, tukagawana mbegu za kurudishia. Mashamba yote yalikuwa mapya kwa pamoja, na kindi hakujua aanzie wapi.

Na hukuniambia. Miaka yote tulikaa magogo mawili, hatua moja kati yetu, na mimi nikiandika "amechelewa" mbele ya macho yako. Ulikuwa hujui kusoma mwandiko wangu, lakini ulijua kusoma uso wangu. Kwa nini hukuniambia? Nadhani ni kwa sababu ningesimama ukutani siku ile ile nikawasahihisha watu wote kwamba hiyo si ishara ya wanyama. Ndivyo ningefanya. Nafsi yangu inanisuta, lakini ndivyo ningefanya.

Mke wangu alipotangulia, ulikuja kila asubuhi kwa mwezi mzima ukakaa pale mlangoni bila kusema kitu, halafu ukaondoka kwenda kukamua. Hukuniambia pole hata mara moja. Sikukushukuru. Nilidhani umekuja kungoja kipimo cha mvua.

Sasa kiangazi kinakwisha tena. Vumbi limefika shingoni mwa mahindi yaliyokauka ya mwaka jana. Jana Mama Jeruto alikuja kwangu, polepole, akishikilia fimbo, akakaa bila kukaribishwa. Akasema watu wanakuja Jumapili baada ya ibada. Njoroge mwenyewe ndiye aliyewaambia waje, kwa maana simu yake nayo ilimpotosha mwaka jana. Watasimama ukutani kwako. Watauliza ng'ombe.

"Hakuna ng'ombe wa kuulizwa," nikamwambia. "Wapo wale wawili wa simiti."

"Basi tutamtoa mmoja," akasema. "Akimbie asikimbie, wewe utamwangalia, utasema siku. Siku ambayo Mama Wairimu atakuwa na mbegu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe umekula chumvi nyingi, Mwalimu. Utavumilia."

Nilimwambia kwamba nitawaeleza watu ukweli. Nitasema wazi kwamba sijui mvua itakuja lini, lakini tukubaliane siku moja, tupande pamoja, ndege wagawanyike. Ni hoja sahihi, ina mantiki, haina uongo. Nilimweleza Njoroge leo asubuhi kinuni kwake, nikamchorea hata kwenye unga uliomwagika sakafuni: shamba moja jipya, mashamba ishirini mapya. Alisikiliza. Ni mtu mwerevu yule, nilimfundisha mwenyewe. Halafu akasema, "Mwalimu, kama wewe hujui, na simu haijui, na ng'ombe haijui, basi kila mtu ajipange. Siwezi kumwaga mbegu yangu eti kwa sababu watu wengine nao wanamwaga." Nikamwuliza, na marehemu Kiprop je, ulimfuata kwa nini? Akanijibu kama mtoto mdogo: "Yeye alijua."

Unaona nilipo. Nikiwaambia ukweli, hawatapanda pamoja. Kwa ng'ombe aliyetazamwa na mzee mwenye daftari, watapanda. Na mvua ikikataa tena, hakuna kicheko njia panda kitakachonitosha, na Mama Wairimu atakuwa ametupa mbegu za mwaka wa pili kwa neno langu. Na mvua ikikubali, mwaka ujao watakuja tena, na mwaka mwingine, na mimi nitakuwa mtu anayesimama ukutani akisema asichokijua mpaka nife.

Wewe ulifanyaje? Ulipotoka zizini ukasema "Jumatano", ulilala vipi usiku wa Jumanne?

Leo mchana nilikwenda kuwaangalia wale ng'ombe wawili. Nilisimama nao muda mrefu bandani. Mmoja aliniramba kiwiko. Sikuona ishara yoyote. Niliona tu kwamba kwato zake ni ndefu kwa kukosa njia ya kutembea, na kwamba anatazama mlango kila mtu anapopita nje. Nikamwuliza Mama Jeruto, kwa nini hatuwatoi kila siku? Akasema hana mtu wa kuwafuata. Nikasema nitawafuata mimi, asubuhi, baada ya kipimo. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema kitu alichokuwa akikingoja.

Basi kuanzia kesho nitakuwa bondeni kwako na fimbo, mimi ambaye sikuwahi kushika mkia wa ng'ombe. Kucheka kumeruhusiwa. Nina siku nne kabla ya Jumapili. Nitapita kwa Mama Wairimu nikiwa na ng'ombe, nione kama gunia limefika mlangoni. Hilo ni jambo ninaloweza kuliona kwa macho yangu na kuliandika bila kudanganya. La mvua, sijui. Nimekuandikia hivi ninavyojua na nisivyojua.

Binti yangu ananitaka niende kukaa naye mjini, mtaa wa Milimani, kwenye nyumba yenye bustani na mlinzi. Nilikuwa karibu kukubali. Nimemwambia asubiri kwanza.

Lala salama, ndugu yangu. Jumapili nitasimama ukutani kwako, watu wote wakinitazama, na nitasema ama siku ama sijui. Nitakapokuwa nimekata shauri nitakuandikia, hata kama barua yenyewe itakuwa ya kukiri uongo.

Wako,
Mwalimu